Ubao wa Dorosela

Anayekuta ugali umeiva hafikirii jembe, na anayekuta njia imenyooka hamkumbuki aliyeng'oa visiki. Ndivyo tulivyo wanadamu: kitu kikisimama vizuri, tunadhani kilijisimamisha. Wahenga waliliona hilo mapema, wakatuachia methali isemayo, ukiona vyaelea, vimeundwa. Maana yake ni kwamba hakuna chombo kinachoelea wala jambo linalokwenda sawa pasipo mikono iliyolihangaikia. Yaliyompata Dorosela wa Lwangu ni ushahidi tosha.

Lwangu ni kijiji kidogo kilichojibanza ng'ambo ya Mto Ruhuji. Upande wa pili wa mto ni Itowo, penye kanisa, zahanati, na barabara inayomfikisha mtu Njombe mjini hadi Makambako. Kati ya vijiji hivyo viwili Ruhuji hupita kwa kishindo, maji yake ya baridi kama chuma kilicholala nje. Masika yakikolea, mto hubeba magogo mazima kama mtoto abebavyo vijiti. Juu ya maji hayo limening'inia daraja la kebo, refu na jembamba, sakafu yake mbao zilizopangwa moja baada ya nyingine, nalo huyumba kidogo mtu anapopita, kama susu.

Siku ya harusi yake Dorosela alilivuka ameinua gauni lisichafuke, mbele kwaya ikiimba, nyuma wanawake wakipiga vigelegele. Alichowaza ni kimoja tu: "Kumbe huku nako kuna daraja." Basi. Hakuuliza lilitoka wapi, kama vile mtu asivyouliza nani aliweka kilima.

Mama yake, Avelina, hakuvuka siku ile. Alikuwa mwanamke mwenye ulimi mwepesi, muuza maharage na vitunguu katika soko la Makambako, asiyeogopa mteja mkorofi wala mbwa. Lakini mto aliuogopa kama ukoma. Alizaliwa Ludewa, na akiwa msichana mdogo alishuhudia gogo la kuvukia likichukuliwa na maji pamoja na mbuzi wote wa baba yake. Tangu siku hiyo kwake mto ulikuwa mwizi. Kwa hiyo baada ya misa ya ndoa alifika mwanzo wa daraja, akasimama, akasema mbele ya watu wote:

"Jamani wakwe zangu, nimemsindikiza hadi hapa. Mimi na huu mto hatujasalimiana."

Watu walicheka, lakini Dorosela hakucheka. Wanawake wa Lwangu walikuwa na utani wao: binti ambaye mama yake hajaketi jikoni kwake ni wa kuazima. Walimtania kisimani, walimtania shambani wakipanda viazi. "Dorosela, lini unarudishwa kwa mwenyewe?" Naye alitabasamu, ila neno lilimchoma kama upupu. Alimpenda mumewe Edson, aliipenda nyumba yao ya matofali ya kuchoma, alipatana na mama mkwe wake Eufrasia kama chanda na pete. Alichokitamani ni kimoja tu: mama yake avuke mto, aketi kwenye kigoda cha jiko lake, aseme kwa kinywa chake kwamba mwanawe amefika mahali pazuri.

Alipojifungua mtoto wa kike, wakamwita Stella, ubatizo ulipangwa Jumapili ya Pasaka. Dorosela akampigia mama yake simu.

"Nitakuja," Avelina alisema. "Ubatizo kanisani Itowo, kisha nitafumba macho nivuke nile kwako. Lakini mwambie huyo mto asinizoee."

Dorosela aliruka kwa furaha hata mtoto akashtuka. Jioni ile alimweleza Eufrasia. Mama mkwe naye akafurahi, kisha akasema, "Na mwaka huu nyumba yenu imepewa nafasi yake darajani. Pale penye ubao wa marehemu Benno, ambaye hakuacha mtoto."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya Lwangu. Kila nyumba ilikuwa na ubao wake katika daraja, na ulipochakaa nyumba ile ndiyo iliyouweka mwingine. Waliooana walipewa nafasi yao mpya. Eufrasia akaeleza: mti wa mlingoti ukatwe kiangazi, upasuliwe, ulazwe kivulini juu ya vijiti ukigeuzwa geuzwa mpaka uache kulia, halafu ulowekwe oili chafu. Ndipo ufungwe kwa boliti, Siku ya Daraja, mwezi wa Novemba kabla ya mvua.

"Novemba, mama? Mama yangu anakuja Pasaka!"

"Basi atakanyaga ubao wa Benno. Ulimbeba padri mnene, utashindwa na muuza vitunguu?"

Dorosela aliitikia kwa kichwa, lakini moyoni hakukubali. Alitaka mama yake aone. Kumwambia hakutoshi, alitaka akivuka akute jina la mwanawe katikati ya mto. Usiku huo na uliofuata alimbembeleza Edson, na Edson alikuwa mtu ambaye neno "hapana" lilimkwama kooni. Alipopeleka maparachichi Makambako, alirudi na ubao wa paini uliopigwa randa, mweupe na laini kama jino la mtoto. Dorosela akaandika juu yake kwa rangi nyekundu: NYUMBA YA DOROSELA.

Waliuweka Jumapili ya Matawi, watu wakiwa misani. Agustino, mwenyekiti wa daraja, mzee mkali asiyekunja maneno, wiki ile alikuwa Ikonda akimuuguza dada yake hospitalini. Edson alifungua boliti za ubao wa Benno, akaupachika ule wa paini na kuupigilia misumari. "Boliti zake fupi kwa ubao huu," alisema. "Nitatafuta nyingine kesho." Nao ubao wa Benno, mweusi kama lami, wakaubeba nyumbani, wakaupasua kuni.

Mchana, Eufrasia alipotoka kanisani alisimama mlangoni kwake, akanusa mara mbili. Moshi mzito wenye harufu ya oili ulikuwa ukijaa ua mzima.

"Nani anachoma daraja jikoni kwangu?"

Hawakuwa na pa kujificha. Eufrasia hakupiga kelele. Alitazama vile vipande vikifuka bila kushika moto, akatikisa kichwa. "Hata motoni anagoma, marehemu Benno. Edson, katafute boliti. Leo."

"Kesho asubuhi, mama."

Lakini kesho ya Edson ilikuwa na kesho yake. Wiki ile mvua ilinyesha asubuhi na jua kali likawaka mchana, ikawa hivyo siku baada ya siku. Ubao mbichi ukanywa maji, ukakauka, ukanywa tena. Watu waliopita waliuona jinsi ulivyong'aa. Wengine waliusifu, wengine waliuruka. Hakuna aliyeinama kutazama kwamba ncha yake moja imeanza kujikunja na kuivuta misumari taratibu, kama mtu anyanyuaye kichwa kutoka usingizini.

Pasaka ilifika. Avelina alimpakata mjukuu wake penye kisima cha ubatizo, machozi yakimtiririka bila aibu. Baada ya misa msafara ukashuka kuelekea mtoni kwa nyimbo. Kichwani Avelina alikuwa na kapu: vitenge viwili, unga wa ulezi kwa ajili ya uji wa mzazi, na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Mwanzo wa daraja alifanya ishara ya msalaba, akashika waya wa pembeni, akaingia.

"Usitazame chini, mama," Dorosela alimwambia akiwa nyuma yake, mtoto mgongoni. "Tazama mbele."

Avelina alitazama mbele. Ndiyo maana akaziona zile herufi nyekundu. Uso uliokuwa umekazana ukalegea.

"Ee! Huu wako, mwanangu?"

"Wangu, mama."

Kwa mapenzi kabisa, akarefusha hatua ili aukanyage. Mguu ulitua kwenye ncha iliyojikunja. Misumari ikatoka kwa mlio mmoja, ubao ukabinuka, na mguu wa Avelina ukazama kwenye pengo mpaka juu ya goti. Watu walipiga ukelele. Wavu wa waya ulioko pembeni ulimzuia, na Edson aliyekuwa mbele akamdaka mkono. Hakuumia ila kuchubuka. Lakini kapu lilikwenda. Vitenge vilifunguka hewani kama mabawa, unga ukamwagika mtoni kama ukungu, na ubao mweupe ukafuata, ukaelea ukizunguka na jina lake hadi ukapotea kwenye kona ya mto. Jogoo peke yake ndiye aliyeokoka. Kamba ya miguuni ilikatika, akaruka akitapatapa, akatua ng'ambo, upande wa Lwangu, akawika.

Avelina alirudi Itowo akitambaa kwa magoti, hataki kushikwa wala kusemeshwa. Alipofika nchi kavu aliketi kwenye jiwe, akavuta pumzi.

"Mto ulikula mbuzi wa baba. Leo umekula uji wa mwanangu. Mara ya tatu utanitaka mimi mwenyewe. Dorosela, mama, nakupenda. Lakini mimi huko sivuki tena. Mpaka nife."

Pilau ililiwa Lwangu bila mgeni wa heshima. Kigoda kilichofunikwa kitambaa kipya kilibaki kitupu pembeni ya jiko, na wanawake siku hiyo hawakutania. Dorosela angependa watanie.

Agustino aliporudi kutoka Ikonda aliwaita wote wawili darajani, mbele ya watu. Dorosela alijiandaa kutozwa faini ya mbuzi.

"Faini ya nini?" Agustino alisema. "Mbuzi hashikilii daraja. Wewe binti, mwaka huu kila kazi ya daraja upo. Ukishalijua, tutaongea. Na wewe Edson, kesho yako tumeisikia mpaka Ikonda. Utakuwa unabeba mawe."

Kiangazi kilipoingia, mto ulinywea ukaacha miamba yake wazi. Dorosela alishuka na wanawake wenzake kuchota mchanga na kokoto za kuimarisha guzo la upande wa Lwangu. Alikuwa amevuka daraja lile mara nyingi asizoweza kuhesabu, lakini hakuwahi kukaa chini yake. Alipotua ndoo, akajifuta jasho na kuinua macho, akapigwa na butwaa.

Upande wa chini wa mbao ulikuwa umejaa alama. Kila ubao ulikuwa na chapa yake iliyochomwa kwa chuma cha moto: msalaba, jembe, herufi mbili, nyota, mguu wa kuku. Nyingine zilikuwa nyeusi bado, nyingine zimefifia. Kijiji kizima kilikuwa kimelala pale kifudifudi, kimetazama maji. Katikati yao palikuwa na pengo lililozibwa kwa ubao wa muda, usio na alama yoyote.

"Ile ya msalaba mdogo ni ya kwetu," Eufrasia alisema, akiketi kando yake. "Baba yake Edson aliichoma mwenyewe. Ya Benno ilikuwa kikombe, maana alipenda pombe ya komoni, Mungu amrehemu."

Dorosela aliinamisha kichwa. "Mama, kikombe kile nilikipikia viazi."

"Na viazi havikuiva. Nakumbuka." Eufrasia akacheka hadi mkwewe naye akashindwa kujizuia. Kisha akanyoosha kidole juu, kwenye kebo. "Unaziona zile? Gari lilizileta likashindwa kuteremka kilima, likazimwaga barabarani, dereva akaaga. Kebo yenyewe haikatwi, haikunjwi. Ikabidi tuibebe hivyo hivyo mabegani, mtu nyuma ya mtu, kama siafu wamembeba nyoka. Wa mbele wameshanusa maji, wa nyuma bado wako barabarani. Akisimama mmoja kujikuna, wote mnasimama. Akianguka mmoja, bega lako ndilo linalolipa. Mimi nilikuwa na mimba ya huyu mumeo. Kwa hiyo na yeye alibeba, ingawa sasa amesahau."

Dorosela aliinua macho tena. Aliitazama kebo ile kwa muda mrefu, kisha akayatazama mabega ya mama mkwe wake, kana kwamba ndiyo kwanza anayaona.

Tangu siku hiyo hakuna aliyehitaji kumsukuma. Yeye na Edson walichagua mlingoti ulionyooka kwenye kingo za shamba lao, wakauangusha, wakaupasua kwa msumeno wa watu wawili, mmoja akivuta na mwingine akiachia. Waliulaza ubao kivulini nyuma ya nyumba, juu ya vijiti. Siku za mwanzo ulilia kweli: usiku ulitoa milio midogo kama mtu anayevunja vidole, na asubuhi Dorosela alikwenda kuugeuza, Stella mgongoni. Baridi ya Juni ikapita, ya Julai ikapita. Siku moja alisikiliza, hakusikia kitu. Akaugonga kwa ngumi, ukajibu kwa sauti kavu. Hata hivyo akasubiri zaidi. Edson ndiye aliyeuliza safari hii, "Si tayari?" naye akamjibu, "Kesho," wakacheka wote.

Katika miezi hiyo Avelina hakususa. Alikuja Itowo mara kwa mara kumwona mjukuu. Aliketi kwenye jiwe lake, na Dorosela alivuka na sufuria kichwani, wakala pale ukingoni.

"Jogoo wangu hajambo?" Avelina aliuliza kila mara.

"Hajambo, mama. Ana wake wanne."

"Msaliti. Amevuka yeye, ameniacha mimi."

Siku ya Daraja ilifika, anga likiwa limeanza kukusanya mawingu. Wanaume walikaza nati kwa spana, vijana walipanda nguzo kupaka kebo grisi, wanawake walipika kande na kuwapitishia mafundi boliti mkono kwa mkono. Dorosela na Edson walileta ubao wao, umekunywa oili hadi umekuwa mweusi. Agustino aliugeuza, akaupiga teke, akausimamia kwa miguu yote miwili.

"Alama yenu?"

Dorosela alikuwa ameshaichoma: kikombe kidogo cha Benno, na kando yake herufi mbili, E na D.

Mzee aliitazama kwa muda. Kisha akaugeuza ubao alama ikatazama chini, akamkabidhi Dorosela spana. "Kaza mwenyewe."

Akakaza. Aliposimama na kurudi hatua chache nyuma, mwenyewe alilazimika kutafuta ulipo. Ulifanana na nyingine zote.

Noeli ile Avelina alikuja tena na kapu. Hakuahidi kitu. Aliketi kwenye jiwe, akamtazama Stella aliyekuwa anaanza kutembea akishikwa vidole, akamtazama mwanawe, akautazama mto.

"Nasikia umeweka ubao mwingine," alisema.

"Nimeweka, mama."

"Wenye maandishi?"

"Hauna."

Dorosela hakumbembeleza. Alikuwa amembembeleza sana Edson kabla ya Pasaka, na kubembeleza ndiko kulikomponza. Alimbeba mtoto mgongoni, akajitwisha sufuria. Avelina akainuka ghafla, akajifunga kanga kiunoni kama anayekwenda ugomvini.

"Sikia. Watu hawa wa Lwangu mbao zao zimewabeba miaka yote, nazo nitazikanyaga. Ila wako, mwanangu, usinichukie, wako nitauruka. Tukiufikia uniambie."

"Sawa, mama."

Wakaingia. Avelina alishika waya kwa mikono miwili, midomo ikisali Salamu Maria bila kupumzika. Chini Ruhuji ulinguruma. Daraja likayumba, likatulia, likayumba. Hatua moja ikafuata nyingine, naye alikuwa anauliza bila kugeuka, "Bado?" Dorosela akajibu, "Twende tu, mama." Akauliza tena. Akajibiwa hivyo hivyo. Ng'ambo, Eufrasia na wanawake wa Lwangu walikuwa wamesimama kimya, hata aliyezoea kutania ameweka mkono mdomoni.

Mara Avelina akaona majani mbele ya vidole vyake. Alikuwa amefika. Akakanyaga udongo wa Lwangu, akageuka na macho makali.

"Wewe mtoto! Mbona hukuniambia? Ubao wako uko wapi?"

"Umeshaukanyaga, mama. Tumeuacha nyuma, pale katikati."

"Upi?"

Dorosela alinyoosha mkono. Avelina alikodoa macho kwenye safu ile ndefu ya mbao nyeusi zilizotulia juu ya maji, asiweze kuutofautisha mmoja na mwenzake. Halafu likatokea jambo ambalo Lwangu wanalisimulia mpaka leo. Yule mama aliyeapa kutovuka mpaka afe alimtua mwanawe sufuria kichwani, akampa Eufrasia, akamshika Dorosela mkono, akarudi darajani.

"Nionyeshe."

Walikwenda hadi katikati. Dorosela akauonyesha kwa kidole cha mguu. Avelina akaupapasa kwa unyayo kwanza, kama mtu apimaye maji ya kuoga. Akasimama juu yake. Akaachia waya, mkono mmoja, kisha wa pili. Akaukanyaga kwa kishindo mara moja, akaukanyaga tena.

"Haulii," alisema.

"Umeshalia vya kutosha, mama. Tangu Juni."

Avelina akayatazama maji, kwa mara ya kwanza bila kukunja uso. Akatazama kebo, nguzo, nati, watu waliokuwa wakiwangoja ng'ambo. "Na mimi nilidhani limejining'inia tu," akasema taratibu. "Haya, nipeleke nikaketi. Na yule jogoo msaliti nimwone uso kwa uso."

Aliketi kwenye kigoda cha jiko la mwanawe mpaka viazi vikaiva, akavila, akaomba vingine. Wanawake wa Lwangu wakapita mmoja mmoja kuchungulia, na wa mwisho akasema, "Basi tena, huyu si wa kuazima." Nje, daraja liliyumba kidogo kwa upepo wa mchana, likatulia juu ya Ruhuji kana kwamba halijawahi kumchosha mtu yeyote. Lakini Dorosela hakudanganyika tena: ukiona vyaelea, vimeundwa.